Mboga za Kituku: ushauri wa kilimo na mavuno kando ya Ziwa Kivu

Kituku ni soko na bandari ndogo ya mtaa wa Kyeshero, upande wa magharibi wa jiji la Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu. Boti za injini na mitumbwi hutia nanga hapo zikitoka Minova, Kalehe na kisiwa cha Idjwi, na kushusha nyanya, vitunguu, kabichi, ndizi, mihogo, makala na samaki. Mboga nyingine huingia mjini kwa nchi kavu: kabichi, karoti na puaro, yaani liki, kutoka Kibumba na miteremko mingine ya Nyiragongo, viazi na maharage kutoka Masisi na Rutshuru, na shehena za kutoka Rubavu, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Jiji lenyewe limejengwa juu ya mawe ya volkano, na mitaa yake mingi haina udongo wa kuotesha hata lengalenga. Sehemu kubwa ya kinacholiwa Goma hulimwa kwingine, kisha hubebwa.

Kwa zaidi ya miaka 100 wakulima wa mashamba hayo wameelekezwa namna ya kulima, kwanza na serikali ya kikoloni, baadaye na serikali ya nchi huru, makanisa, vituo vya utafiti na mashirika ya misaada. Maelekezo mengine yaliongeza mavuno yakawa mazoea ya kila siku. Mengine yalitupwa mara tu msimamizi alipogeuka. Ubora wa ushauri ulichangia tofauti hiyo, lakini uzito mkubwa ulikuwa katika mambo matatu: nani mwenye ardhi, nani anayetoa jasho, na kama mazao yakivunwa yatafika sokoni.

Udongo wa volkano na kilimo cha awali

Uso wa Ziwa Kivu uko takriban meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyolizunguka hupanda haraka kupita meta 2,000. Mvua hugawa mwaka wa mkulima katika misimu miwili mikubwa: msimu A, kuanzia Septemba hadi Januari, na msimu B, kuanzia Februari hadi Juni. Wenye mashamba ya mabondeni huongeza msimu C wakati wa kiangazi. Baridi ya vilimani inafaa kabichi, karoti, puaro na viazi. Joto la ufukweni, kama Minova na Bweremana, linafaa nyanya na vitunguu.

Majivu ya volkano yaliyooza kwa karne nyingi yametoa udongo mweusi, mwepisi, unaoshika maji vizuri. Udongo huo una kasoro moja isiyoonekana kwa macho: hufunga fosforasi, hivyo mmea huweza kuikosa hata pale ilipo nyingi ardhini. Tena volkano haikulala. Nyiragongo ililipuka Januari 1977, Januari 2002 na Mei 2021. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya jiji mpaka ziwani. Kati ya mlipuko na mlipuko, gesi yake huchanganyika na mvua ikawa na asidi inayounguza majani ya mimea upande unakoelekea upepo. Juu ya lava mpya, wakazi wa Goma hulima kwa kukusanya udongo katikati ya mawe, au kwa kuujaza katika magunia na kuotesha mboga ubavuni na juu yake.

Kabla ya ukoloni, Wahunde, Wahavu na wakulima na wafugaji wanaosema Kinyarwanda walipanda mtama, ulezi, maharage, njegere, magimbi na migomba. Mboga za majani zilichumwa humo humo mashambani: lengalenga, mnavu, mgagani, majani ya maboga na majani machanga ya maharage. Mimea ilichanganywa katika shamba moja ili ikiharibika moja, nyingine ibaki. Ardhi iliyochoka iliachwa ipumzike, na takataka za jikoni pamoja na samadi ya mbuzi vilimwagwa kwenye migomba iliyo karibu na nyumba. Haki ya kulima ilipatikana kwa mwami, yaani mtawala wa jadi, na wakuu wake kwa kutoa kitu, mara nyingi mifugo. Kusini mwa ziwa mapatano hayo yaliitwa kalinzi. Aliyekwisha kuyatimiza alijua kwamba shamba ni la watoto wake.

Amri za ukoloni

Mwaka 1910 Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza zilikubaliana mipaka ya eneo hili, na Goma ikakua kama kituo cha Wabelgiji kilichotazamana na kile cha Wajerumani huko Gisenyi. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, chombo kilichopewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi. Vilima vya Masisi na kandokando ya ziwa vikaota kahawa, pareto na chai. Ili kupata watu wa kazi, serikali iliendesha tangu 1937 hadi 1955 mpango wa kuhamishia wakulima wa Rwanda katika nyanda za Masisi, hasa Gishari. Wakati huohuo Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, iliyotangazwa mwaka 1925, ilikuwa imekwisha kufunga eneo kubwa la kaskazini. Watu waliongezeka, nafasi ya kulima ikapungua, na desturi ya kuacha shamba lipumzike ikaanza kuwa anasa.

Mboga za Kizungu zilikuja na walowezi na wamisionari, waliozitaka mezani mwao. Vibarua wa bustani zao walijifunza kuatika, kupandikiza na kumwagilia, na miche ikaanza kuonekana kwenye mashamba ya vijijini. Ila mboga hizo zilikuwa na sharti ambalo lengalenga haikuwa nalo. Kabichi, karoti na puaro ni mimea ya miaka miwili: huhitaji majuma kadhaa ya baridi kali ndipo itoe maua na mbegu, na baridi ya aina hiyo haipatikani karibu na ikweta hata vilimani. Mkulima wa lengalenga huacha mashina machache yakomae akapata mbegu ya msimu ujao. Mkulima wa kabichi sharti anunue mbegu kila mara. Tangu mwanzo, basi, mavuno ya mboga za sokoni yalitegemea duka, na duka lilitegemea barabara.

Kwa mazao ya chakula na ya biashara, ushauri ulikuja kwa sura ya sheria. Amri ya Februari 1917 iliruhusu maofisa kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyotajwa kwa siku 60 kwa mwaka, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia siku hizo zikaongezwa kuwa 120. Asiyetimiza alitozwa faini au alifungwa. Aliyekuwa akikagua mistari ya kupandia aliitwa moniteri wa kilimo, na machoni pa wengi hakuwa mwalimu. Alikuwa mkono wa serikali, sawa na mtoza kodi.

Nyuma ya moniteri kulikuwa na sayansi ya kweli. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo ya Ubelgiji, INEAC, iliundwa mwaka 1933, na kituo chake cha Mulungu, katika vilima vya kusini mwa ziwa, kilishughulikia mazao ya nyanda za juu. Wataalamu waliona udongo wa miteremko ukishuka na mvua, wakaagiza mifereji na safu za majani zikingame mteremko. Kitaalamu walikuwa sahihi: kingo zilizofuata usawa wa kilima hupunguza kasi ya maji, na udongo wa juu, wenye rutuba, hubaki shambani. Lakini gharama na faida havikumwangukia mtu mmoja wala wakati mmoja. Kuchimba kulifanywa na wanakijiji bila malipo, katika siku ambazo wangepalilia mazao yao. Mifereji ilimeza sehemu ya shamba na kugeuza udongo mbovu wa chini ukaja juu, hivyo msimu wa kwanza ulileta pungufu. Faida ilihitaji miaka.

Kisa hicho hakikuwa cha Kivu peke yake. Mwaka 1947 wanawake wa Murang'a, Kenya, walikataa kuendelea kuchimba matuta ya lazima. Mwaka 1955, katika milima ya Uluguru huko Tanganyika, upinzani dhidi ya matuta uligeuka ghasia, na mpango ukasitishwa. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, mifereji mingi iliachwa ijae au ilifukiwa. Watu walikuwa wakiikataa amri, na kinga ya udongo ikaenda nayo.

Miaka ya nchi huru

Baada ya machafuko ya miaka ya 1960, INEAC ilirithiwa mwaka 1970 na taasisi ya kitaifa, INERA, na Mulungu ikaendelea kuwa kituo chake kikuu cha mashariki. Makanisa na vyama vya wananchi vilianza kuingia pale serikali ilipokuwa ikijiondoa. Huko Bukavu, Comité Anti-Bwaki iliundwa mwaka 1965 kupambana na bwaki, yaani utapiamlo unaovimbisha watoto, na mapambano hayo yalifika haraka kwenye swali la nini kinalimwa nyumbani. Bustani ya mboga ilipata maana mpya: chakula cha mtoto kwanza, fedha baadaye.

Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilibadilisha mengi kimyakimya. Ardhi yote ikawa mali ya serikali, na ile iliyomilikiwa kwa mila ikabaki bila ulinzi ulio wazi. Mwaka huohuo biashara na mashamba ya wageni vilikabidhiwa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, wenye nafasi, na huko Masisi maeneo mapana yakawa malisho ya ng'ombe ya watu wenye vyeo. Familia nyingi zikaanza kukodi vipande vya kulima kwa msimu mmoja mmoja. Mtu asiyejua kama atakuwa juu ya kilima hicho mwaka ujao hapandi miti ya kuzuia mmomonyoko, hajengi matuta, wala hamwagi mikokoteni ya samadi itakayoozea kwenye shamba la mwingine. Hupanda kinachokomaa haraka, na mboga hukomaa haraka.

Katika miaka hiyohiyo ya 1970 chukudu ilienea barabarani: baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, yenye usukani mpana na ubao wa kuwekea mzigo. Mwendeshaji wa Kibumba hupakia magunia ya kabichi na viazi, huweka goti juu ya ubao na kuteremka kuelekea Goma akishika breki kwa mguu. Kurudi huisukuma kwa mkono. Mbao, misumari na vipande vya matairi vilitosha kumfungulia mkulima mdogo soko la mjini, naye akapata sababu ya kulima kabichi nyingi kuliko anazoweza kula. Mizigo mingine ilisafiri mbali zaidi, kwani ndege zilibeba mboga, maharage na viazi vya Kivu hadi Kinshasa.

Miaka ya 1980 ilileta majaribio ya ushauri usio na faini. Mwaka 1982 Rwanda, Burundi na Zaire ziliunganisha utafiti wao wa viazi katika mpango wa kikanda uitwao PRAPAC, uliolenga mbegu safi na aina zinazostahimili baka chelewa, ambalo Kivu huitwa mildiu. Idara za ugani zilijaribu mtindo ulioshikiliwa na Benki ya Dunia: mgani alipewa ratiba ya kutembelea wakulima wachache wa mfano, nao wakategemewa kuwaeleza majirani. Mtindo huo uliendeshwa na mshahara na pikipiki. Fedha za serikali ya Zaire zilipokauka, mgani alibaki kijijini na jembe lake mwenyewe.

Kanuni zenyewe na namna zinavyobadili mavuno

Kanuni zinazopendekezwa kwa mboga hazikubadilika sana tangu hapo: mbegu nzuri, kitalu kilichotunzwa, nafasi sahihi, mbolea, kufunika udongo kwa nyasi, kupalilia kwa wakati, kubadilisha mazao, na kudhibiti wadudu na magonjwa kwa kipimo. Kila moja hugusa mavuno kwa njia yake.

Kabichi ni mfano mzuri. Mbegu huatikwa kwenye kitalu kilichoinuliwa na kuwekewa kivuli chepesi, na miche huhamishwa baada ya majuma manne au matano, jioni, jua likiwa limepoa. Shamba la meta 10 kwa 10, likipandwa kwa nafasi ya sentimeta 50 kila upande, huchukua miche 400. Mkulima anayebana miche kwa sentimeta 30 hupata zaidi ya 1,000 katika eneo hilohilo, ila nyingi hazifungi vichwa vya kuuzika, kwa kuwa zinagombea mwanga, maji na chakula. Miche 400 ikifikisha kilo moja na nusu kila mmoja ni kilo 600. Robo ya vichwa ikitobolewa na viwavi wa nondo mgongo-almasi, mavuno ya kuuzwa hushuka hadi kilo 450 hata kama mbolea iliwekwa vizuri.

Nyanya ni ngumu zaidi. Ikitambaa chini wakati wa mvua, majani hukaa na maji na mildiu hulimaliza shamba kwa siku chache. Kuisimamisha kwa miti, kuondoa majani ya chini na kutandaza nyasi hupunguza unyevu unaozaa ugonjwa, na dawa ya kuvu ikipigwa mapema hukinga kilichobaki. Mnyauko wa bakteria hauna dawa. Hushindwa kwa kubadilisha mazao, mradi shamba lisifuatishiwe viazi, biringanya au pilipili, ambazo ni za ukoo mmoja na nyanya. Mwaka 2014 Kenya na Tanzania zilivamiwa na nondo wa nyanya, Tuta absoluta, aliyeenea baadaye katika nchi jirani. Kiwavi wake hujificha ndani ya jani, hivyo kupuliza dawa ovyo humgharimu mkulima bila kumfikia mdudu.

Kanuni hizi hutegemeana. Mkemia wa Ujerumani Justus von Liebig aliieneza katika karne ya 19 hoja kwamba ukuaji wa mmea huamuliwa na kirutubisho kilicho haba kuliko vyote. Shambani hoja hiyo inavuka virutubisho: mbegu bora kwenye udongo uliochoka haitoi mavuno yake, na mbolea kwenye nyanya isiyokingwa hulisha majani yatakayooza. Ndiyo sababu anayetekeleza kanuni zote pamoja huongeza mavuno kuliko jumla ya kinachopatikana kwa kanuni moja moja. Nafasi ya kuongeza ni kubwa. Kwa takwimu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, hekta ya viazi nchini Kongo hutoa wastani wa karibu tani 5, wakati wastani wa dunia ni karibu tani 20. Hekta ya nyanya haifiki tani 10, wakati dunia inapita tani 30.

Kwa nini kanuni huchukuliwa vipande vipande

Mwaka 1943 wanasosholojia Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti wao wa namna mahindi chotara yalivyoenea miongoni mwa wakulima wa Iowa, Marekani. Waligundua kwamba hata mbegu yenye faida ya wazi ilichukua miaka kukubalika, na kwamba wengi walianza na kipande kidogo cha shamba. Wakulima wa Kivu hufanya vivyo hivyo, kwa sababu zenye uzito zaidi: kosa moja huweza kumaanisha njaa.

Maharage ya kutambaa yanaonyesha kanuni inayokubalika ilivyo. Yalipoenezwa Rwanda katikati ya miaka ya 1980 yalivuka mpaka kwa haraka na kupanda vilima vya Kivu. Yalihitaji miti ya kusimamishia, lakini yalizaa mara mbili au tatu ya maharage mafupi kwenye eneo lilelile, na faida ilionekana msimu wa kwanza. Mbegu ilihifadhiwa nyumbani na kupita kwa jirani bila duka. Pale ambapo shamba ni dogo na mikono ipo, biashara hiyo ilieleweka bila mhadhara.

Mnyauko wa migomba ulitoa somo la upande wa pili. Ulionekana Masisi karibu na mwaka 2001, na ushauri wa kwanza ulikuwa kung'oa shina lote lenye ugonjwa pamoja na vichipukizi vyake, kukata ua dume kwa kijiti chenye panda, na kusafisha panga kwa moto. Kukata ua dume ni kazi ya dakika moja, na wengi walikubali. Kung'oa shina zima ni kazi ya nusu siku inayoondoa chakula na fedha za mwaka, na wengi walikataa. Baadaye watafiti walionyesha kwamba kukata mgomba mmoja tu ulioonyesha dalili, tena na tena, hupunguza ugonjwa kwa kazi ndogo zaidi. Ushauri uliopunguzwa ukapata watekelezaji ambao ushauri kamili haukuwapata.

Kwenye mboga, vipande vinavyokubaliwa mapema ni nafasi, kitalu na miti ya nyanya, kwani hudai maarifa kuliko fedha. Mbolea ya chumvichumvi hukwama kwenye bei. Huingia kwa kupitia Uganda na Rwanda, na kila kizuizi cha njiani huongeza gharama yake. Mwaka 2006, mjini Abuja, nchi za Afrika ziliahidi kufikisha kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015. Kongo ilibaki mbali sana na lengo hilo. Samadi ingeweza kuziba pengo, lakini ng'ombe wengi wa Masisi waliporwa katika vita vya miaka ya 1990. Familia nyingi ziligeukia sungura na simbilisi, ambao Kivu huitwa dende: hufugwa jikoni, hufichika kirahisi mbele ya wenye bunduki, na samadi yao hutosha matuta machache. Majani ya alizeti mwitu, Tithonia diversifolia, inayoota kando ya njia, ni mbolea nyingine isiyo na bei. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 ulionyesha utajiri wake wa nitrojeni na potasiamu. Gharama yake ni kuikata na kuibeba, na mbebaji kwa kawaida ni mwanamke.

Suala la nani anayebeba limejirudia tangu enzi za moniteri. Wanawake ndio wanaopanda, kupalilia na kuuza sehemu kubwa ya mboga, lakini ardhi huandikwa kwa jina la mwanamume, na kwa miaka mingi mafunzo yaliitishwa kwa wanaume. Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya kufunga mikataba. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016. Mkopo ulikuwa umetafuta njia yake mapema. Vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyojulikana Kongo kwa ufupisho wa AVEC, vilifuata mfano ulioanzia Niger mwaka 1991: wanachama huchanga kila wiki, hukopeshana kwa muda mfupi na hugawana faida mwishoni mwa mzunguko. Fedha za kununua pakiti ya mbegu ya vitunguu hupatikana wakati wa kuatika, ambao ndio wakati mifuko huwa mitupu.

Mabadiliko mengine yalikuwa katika namna ya kufundisha. Shule za shambani, zilizoanza Indonesia mwaka 1989 na kufika Afrika Mashariki katika miaka ya 1990, ziliwaweka wakulima 20 au 30 kwenye kipande kimoja chenye matuta mawili: moja limelimwa kwa mazoea, jingine kwa kanuni mpya. Kila juma walihesabu majani, wadudu na matunda. Uamuzi ulitokana na walichokiona, na aliyekataa hakutozwa faini.

Vita, barabara na soko

Hakuna kanuni ya kilimo inayokinga shamba dhidi ya kukimbiwa. Machi 1993 mapigano ya kikabila yalianza Walikale na Masisi. Julai 1994 karibu watu milioni moja waliingia Goma na viunga vyake kutoka Rwanda kwa siku chache, na kambi zikawekwa Kibumba, Katale na Mugunga. Miti ilikatwa kwa kuni mpaka ndani ya Virunga, na miteremko iliyobaki uchi ikaachia udongo wake. Vita vya 1996 na 1998 vilifuata, kisha makundi yenye silaha ambayo hayakuisha. Mkulima anayekimbia huacha mazao, lakini pia hupoteza mbegu, jembe, mifugo na kikundi cha kukopeshana. Anaporudi huanza na alichobakiza, na mara nyingi hurudia mazao yasiyodai fedha.

Hali hiyo ilionekana tena kundi la waasi la M23 liliposonga mbele. Mwaka 2022 wakulima wengi wa Kibumba walikimbilia Kanyaruchinya, karibu na Goma, na kabichi zao zikabaki ng'ambo ya mstari wa mapigano. Mwanzoni mwa 2024 barabara ya Sake kwenda Minova ikafungwa. Mzigo wote wa upande huo, uliokuwa ukija kwa malori, ukahamia ziwani, na Kituku ikawa mlango mkuu wa chakula cha jiji lililojaa wakimbizi wa ndani. Boti zilipakiwa kupita kiasi. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya MV Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka ikikaribia kutia nanga Kituku, na makumi ya abiria walikufa, wakiwamo wafanyabiashara. Januari 2025 Minova, kisha Goma yenyewe, zilishikwa na M23.

Kwa mkulima wa nyanya wa Minova, kufungwa kwa barabara hubadilisha hesabu ya kanuni zote. Nyanya iliyosimamishwa vizuri na kukingwa na mildiu huiva kwa siku zilezile boti iwepo au isiwepo, na baada ya siku chache huoza. Aliyetumia fedha nyingi shambani ndiye anayepoteza nyingi. Ndiyo maana nyakati za wasiwasi huonekana wakulima wakirudi nyuma kwa makusudi: wanapunguza mbolea, wanaacha nyanya na kupanda vitunguu vinavyovumilia ghala, au wanarejea kwenye mihogo inayoweza kungoja ardhini mwaka mzima. Mavuno kwa hekta hushuka, na hasara inayoweza kuwapata hushuka pia.

Njia ya kuongeza mavuno ya mboga kando ya Ziwa Kivu imejulikana kwa muda mrefu, tangu kingo za miteremko za Mulungu hadi matuta mawili ya shule ya shambani. Kanuni zilizodumu ni zile zilizolipa ndani ya msimu mmoja, zilizoweza kujaribiwa kwenye kipande kidogo, na zilizomwachia mkulima uamuzi. Zilizodai miaka, kama kinga ya udongo, zilihitaji mtu mwenye uhakika wa ardhi, na uhakika huo ulipunguzwa na sheria, ulimbikizaji wa mashamba na vita. Kila pakiti ya mbegu na gunia la mbolea huwekwa shambani kwa kutazamia kwamba siku ya kuvuna kutakuwa na chukudu, lori au boti, na bei itakayorudisha gharama. Kanuni za mboga huenea kwa kadiri matarajio hayo yanavyotimia.